Matairi ya gari la kasi: Soma ubavuni kabla hujauliza bei

Na Mwandishi Maalumu, Arua

TANGU lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010, kilomita zipatazo 92 kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini, wafanyabiashara wengi wa huku Nile Magharibi wamebadili aina ya gari. Zamani ulihitaji Land Cruiser kuukuu, au ulipanda lori ukakaa juu ya magunia, na safari ya Arua hadi Koboko, kilomita hamsini na ushei tu, iliweza kula asubuhi nzima wakati wa mvua. Siku hizi kijana mwenye duka la vitenge Koboko anawasha Toyota Altezza au Subaru Impreza yake na kabla ya watu kufungua maduka yuko Arua anapatana bei.

Magari haya ya kasi yameletwa na watu wa aina mbili. Wapo wenzetu waliorejea kutoka ng'ambo na fedha kidogo na mapenzi ya injini yenye nguvu. Wapo pia vijana wa mpakani walioyanunua Kampala yakiwa yametoka Japani. Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo hayaongezeki tena, yanazeekea mikononi mwetu. Injini nyingi bado ni nzima. Kinachokwisha kwanza ni matairi, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu nguvu za farasi 200 na zaidi, pamoja na breki zote, hupita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Ng'ombe akikatiza ghafla pale Maracha, ni hivyo viganja vinne vitakavyoamua.

Mpwa wangu ni mmoja wa vijana hao. Anauza vitenge na viatu kati ya Ariwara, Koboko na Arua, na gari lake ni Altezza ile ya RS200. Siku za soko humbeba mama yake, ambaye ni dada yangu, pamoja na mizigo ya akina mama wengine wawili. Matairi yake yalikuwa vipara kiasi kwamba mvua ikinyesha gari lilikuwa likiteleza kona za Maracha kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu ya saruji. Dada aliniambia nimsindikize mjini, kwa kuwa mwalimu husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mpira.

Mpira nao huzeeka

Duka la kwanza tuliloingia Arua lilikuwa na matairi ya mtumba yaliyopangwa kama mitungi, yamesafishwa na kupakwa rangi nyeusi hata yang'ae.

"Mjomba, tazama haya," mpwa wangu aliniambia. "Meno bado marefu, tena ni ya Japani kabisa."

Meno kweli yalikuwa marefu. Nikamwomba aligeuze tairi tusome ubavu. Neno la kwanza lilikuwa STUDLESS. Maana yake hilo ni tairi la theluji. Wajapani hufunga matairi hayo majira ya baridi, na mpira wake umechanganywa uwe laini hata kwenye barafu. Watengenezaji wenyewe husema tairi la namna hiyo ni la joto lililo chini ya nyuzi 7 hivi. Arua mwezi Februari mchana hupita nyuzi 30, na lami yenyewe huwa ya moto zaidi ya hapo. Mpira laini juu ya lami ya moto huyumba, huchukua muda mrefu kusimama na huisha upesi. Meno yake ni marefu kwa sababu yalizaliwa marefu. Alama nyingine ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiuona kwenye tairi la mtumba, mwachie mwenye duka.

Kisha tukatafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Pale ziliandikwa 3814, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2014. Wakati mwingine tarakimu hizi zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama gari limeshafungwa matairi itabidi uiname chini uchungulie upande wa ndani. Usione haya kuchafua magoti.

Sisi tuliokulia ukimbizini tuna tatizo moja na jambo hili. Tairi tulilijua kwanza kama ndala. Miaka ya themanini nikisoma Aru, Zaire ya wakati ule, nusu ya darasa tulivaa viatu vilivyokatwa kutoka kwenye mapine ya malori, na jozi moja ilipita kwa kaka, ikaja kwangu, ikaenda kwa mdogo wangu. Mtu aliyeona hayo ni vigumu kumshawishi kwamba mpira hufa. Lakini ndala haibebi nusu tani kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Jua na hewa hukausha mpira hata kama tairi limekaa stoo, nyufa ndogo hutokea ubavuni, na nyaya za ndani huanza kuachana na mpira. Makampuni makubwa kama Michelin na Continental hushauri tairi lisipite miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima, na baada ya miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka. Tairi la mtumba lenye miaka minane halina tena maisha ya kukuuzia.

Kuna na suala la sheria ambalo wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kulijua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Pili, inayaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Nilipomuuliza mwenye duka, alijibu kwa upole: "Mwalimu, haya yamekuja yakiwa yamefungwa kwenye magari." Huenda ni kweli. Lakini ukiyapakia manne ndani ya buti ukavuka nayo mpaka, hayajafungwa kwenye gari.

Namba za ubavuni

Altezza ya mpwa wangu ilitoka kiwandani na matairi ya 215/45 R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Milimita, asilimia na inchi katika mstari mmoja. Mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo kwenye mtihani hapati maksi. Lakini ndivyo dunia nzima inavyoandika, na ukizijua namba hizo tatu muuzaji hawezi kukuchezea.

Piga hesabu. Asilimia 45 ya 215 ni kama milimita 97. Huo ndio mto pekee uliopo kati ya rimu na shimo. Kwenye lami mpya unatosha, na gari hukata kona kwa usahihi unaopendeza. Ila biashara ya mpwa wangu haiishii kwenye lami. Ukivuka kwenda Ariwara unaingia kwenye udongo mwekundu, na ukipita Kaya kuelekea Yei ni changarawe na mashimo. Tairi la ubavu mfupi likigonga ukingo wa shimo kwa kilomita 60, rimu hubana mpira dhidi ya jiwe, nyuzi za ubavuni hukatika, na kesho yake unaona uvimbe kama jipu. Tairi lenye jipu halizibwi. Fundi anayekuwekea tyubu ndani ukaendelea na safari anakuuzia ajali.

Vijana wengi hufanya kinyume cha inavyopasa. Wanaongeza rimu iwe ya inchi 18, na ubavu unabaki mwembamba kama mkanda. Ukiwauliza, watakuambia wanafuata magari ya mashindano. Basi na wayafuate vizuri. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yale ya kasi kuliko yote yalikimbia kwenye vumbi na mawe yakiwa na rimu za inchi 15 na matairi ya ubavu mnene. Rimu za inchi 18 huwekwa mashindano yanapokuwa kwenye lami tupu. Madereva wale wana mafundi wanaowasubiri kila kituo, na bado kwenye changarawe hawathubutu kufunga kile ambacho kijana wetu anafunga kwenda nacho Ariwara peke yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mpwa ulikuwa kushuka hadi inchi 16, kwa tairi la 205/55 R16. Ubavu wake ni karibu milimita 113. Kipenyo chote cha gurudumu kinatoka milimita 625 kuwa 632, tofauti ya asilimia moja tu, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi kwa kiasi cha kuhesabika na gari haliinuki. Unapoteza kidogo ule ukali wa usukani kwenye kona. Mpwa wangu alinuna kidogo hapo.

Mzigo na joto

Baada ya kipimo huja namba nyingine na herufi moja, kwa mfano 91V. Namba ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba. 87 ni kilo 545, 91 ni kilo 615. Matairi mengi ya 215/45 R17 yana 87. Zidisha mara nne, unapata zaidi ya tani mbili, na Altezza tupu haifiki tani moja na nusu, kwa hiyo mtu husema hakuna wasiwasi. Lakini mzigo haugawanyiki sawa. Akina mama wawili wamekaa nyuma, marobota ya vitenge yamo ndani ya buti. Karibu uzito wote huo unakaa juu ya matairi mawili ya nyuma. Mawili ya 87 hubeba kilo 1,090, na mawili ya 91 hubeba 1,230. Hizo kilo 140 za ziada ndizo zilizomfanya mpwa wangu aache kununa, maana yeye hesabu za mizigo anazijua kuliko mimi.

Herufi ni ya mwendo. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Hapa husikia watu wakicheka: nani atakimbia 240 kati ya Arua na Koboko? Hakuna, na asithubutu. Herufi hiyo lakini inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto. Mzigo mzito, lami ya moto na upepo mdogo hulipasha tairi kama mwendo mkali unavyofanya. Usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni mwa dereva, na usikubali tairi la teksi eti kwa sababu kipimo kinalingana.

Mengi pia yana maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza hueleza jinsi tairi linavyokawia kuisha. Namba yake huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ilinganishe zaidi ndani ya kampuni moja. Tairi la 200 au chini ya hapo limetengenezwa kwa watu wa mashindano: linashika lami kwa nguvu ajabu likishapata moto, na huisha upesi. Tairi la 400 na kuendelea ni la safari ndefu. TRACTION ni kusimama kwenye maji, na daraja hushuka kutoka AA, A, B hadi C. TEMPERATURE huanza na A. Kwa gari lenye nguvu linaloishi Koboko ningetafuta TREADWEAR kati ya 300 na 450, TRACTION isiyopungua A, na joto A. Huko ndiko yaliko matairi ya kasi ya wastani, yale ambayo hayapigwi picha na yeyote.

Tazama na mifereji. Kati ya Agosti na Oktoba mvua ya huku hunyesha kama imetumwa, na tairi lililo karibu tambarare huelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi mkononi kabla hujajua kimetokea nini. Nataka mifereji mipana mitatu au minne inayozunguka tairi zima. Tairi jipya lina kina cha kama milimita 8. Alama za ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6, kipimo cha mwisho katika nchi nyingi, lakini kwenye maji tairi huwa limekwisha nguvu mapema zaidi, likifika milimita 3. Mimi ningebadilisha hapo.

Manne au mawili?

Kwa Altezza, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mwenye fedha kidogo anaweza kubadili mawili, na mapya yafungwe nyuma. Mwenye Subaru hana nafasi hiyo. Magurudumu yake manne yameunganishwa, na kampuni yenyewe hutaka tofauti ya mzunguko kati ya tairi moja na jingine isizidi robo inchi. Kwa kina cha meno hiyo ni kama milimita moja tu. Ukifunga jipya moja na vipara vitatu, difrenshali ya katikati hufanya kazi ya kusawazisha bila kupumzika, hupata moto na mwisho hufa. Bei ya hiyo sanduku moja inaweza kununua matairi mengi. Wenye Impreza wanaochanganya Yokohama mbele, Linglong nyuma na jingine lisilosomeka jina, wanajiwekea deni la gereji.

Tulipata seti mpya duka la tatu, 205/55 R16 91V, zote za wiki ya 11 ya 2024. Bei yake ilikuwa kama mara mbili na nusu ya yale ya theluji. Mpwa wangu alisimama pale muda mrefu, mkono mfukoni, maana hizo zilikuwa fedha za mzigo wa wiki ile. Nikamuuliza seti yake ya mwisho ya mtumba ilidumu muda gani. Akasema miezi saba. Zidisha kwa mbili na nusu: mapya yakipita miezi 17 na nusu yameshalipa tofauti, bila kuhesabu ile mvua ya Maracha na mama yake aliye ndani ya gari.

Kilichomwokoa ni zile rimu zake za inchi 17. Kwa rimu zinazong'aa hukosi mnunuzi Arua. Alizibadilisha na za inchi 16 zilizotoka kwenye Mark II, akaongezewa fedha juu. Matundu matano ya Mark II yana mpangilio ule ule wa Altezza, 114.3. Za Impreza nyingi za miaka ile ni 100, haziingii, na fundi akikuambia atazilazimisha ondoka hapo. Kabla hujalipa, funga rimu moja ya mbele bila tairi, uizungushe kwa mkono uone kama haigusi breki.

Siku ya kufunga usiondoke mpaka umeona gurudumu limesawazishwa kwenye mashine. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lizunguke kufuata mshale. Lenye neno OUTSIDE, upande huo uwe nje. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa pale aliuliza kama anapovuka Vurra, ambako Wakongo huendesha kulia, inambidi ageuze matairi. Watu walicheka, lakini swali ni la mtu anayefikiri. Jibu ni hapana. Gari bado linakwenda mbele. Kama matairi ya zamani yalikuwa yameisha ukingo wa ndani tu, gari linahitaji alaimenti kwanza, la sivyo mapya yatafuata njia hiyo hiyo. Wale waliokata springi ili gari lilale chini wanajua ninachosema.

Kilomita 200 au 300 za kwanza nenda taratibu, kwa sababu tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Ukifika Koboko na kurudi, kaza nati tena. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, si kwa kupiga teke na kusikiliza. Ukipima baada ya safari namba itakuwa juu, usiupunguze. Siku ya mzigo fuata kipimo cha mzigo kilichoandikwa mlangoni.

Na kwa wanaovuka: Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya tangu 2016 na Kongo tangu 2022, kwa hiyo usitarajie kwamba hoja ya matairi ya mtumba itaishia upande wetu wa kizuizi. Hata mapya, yakiwa hayajafungwa, ni bidhaa. Beba risiti ya duka. Spea haihesabiwi hivyo ikiwa ni moja na inalingana na gari. Ya mpwa wangu ni rimu ya tano ya Mark II, ambayo fundi alitaka kuibakiza na dada yangu, aliyekuwa kimya mchana kutwa, ndiye aliyeidai.